Chupa Mbili Zisizo na Majina

Nina miezi minne tangu nirudishe funguo za zahanati, na bado vijana niliowaacha hunipigia simu kuniuliza kitu fulani kiko wapi. Kiko pale pale nilipokiweka. Sasa wameniomba niandike kidogo kuhusu kazi, kwa ajili ya wauguzi wapya na wahudumu wa afya wanaozunguka mitaani, nami nimekubali kwa sharti moja: sitaandika habari za vyeo wala mishahara. Vyeo vilikuja vilipotaka, na mshahara mnaujua wenyewe. Nitaandika zaidi habari za chupa.

Siku yangu ya kwanza Likoni nilikuwa msichana aliyetoka Kaloleni juzi, na gauni la kazi nililipiga pasi mpaka likakaribia kusimama lenyewe. Nilidhani nitaanza kwa kudunga sindano. Nilianza kwa kutumwa maabara. Maabara ilikuwa chumba kimoja chenye darubini moja, taa ya spiriti, na Mzee Kazungu, ambaye alikuwa mtaalamu wa pale na hakupenda kusemeshwa kabla ya saa nne. Nikampelekea chupa ya mkojo. Akauliza, "Ya nani?" Nikamwambia ni ya yule mama mwenye leso ya kijani. Akaifungua, akaimwaga kwenye sinki mbele ya macho yangu, akanirudishia chupa tupu.

"Kina mama wenye leso za kijani wako watatu hapo nje," akasema. "Nenda ukaombe upya."

Nilikwenda. Yule mama alikuwa ameshamaliza mkojo wote aliokuwa nao, ikabidi tumpe maji na tungoje naye kwenye benchi, akinitazama kwa jicho la upande. Nilimchukia Mzee Kazungu kwa wiki mbili, kisha nikampenda kwa miaka kumi na tisa, hadi alipostaafu. Ndiye aliyenifunza kuandika kwenye chupa yenyewe wala si kwenye kifuniko, kwa kuwa vifuniko hubadilishana. Ndiye aliyenifunza pia kwamba mgonjwa akisema "kidogo tu" umuulize kidogo cha kijiko au kidogo cha kikombe.

Nilifanya mengi baada ya hapo. Nilizalisha, nilichanja, nilifunga vidonda vya watu waliopigana na vya watu waliodai kuwa wameanguka. Ila katika miaka yote hiyo wanaume wazima walikuja kwetu kwa namna mbili tu: wakiwa wamebebwa, au wakimsindikiza mtu mwingine, kisha wakiuliza la kwao mlangoni wakati wa kuondoka. "Sista Kadzo, hivi mtu akenda haja akaona damu, huwa ni nini? Si mimi, ni rafiki yangu." Rafiki huyo nimemsikia kwa zaidi ya miaka thelathini na hajawahi kuja mwenyewe.

Ndiyo maana, miaka yangu ya mwisho kazini, tulipoletewa vipimo vya kufanyia nyumbani, nilifurahi sana. Vilikuwa vya aina mbili, vyote kwa wanaume waliopita hamsini. Cha kwanza ni cha tezi dume: tone la damu ya kidole juu ya kibao kidogo. Hicho hakikunisumbua, maana wanaume hupenda kutoa kidole, wakakunja uso na kutazama kando kama mashujaa. Cha pili ni cha saratani ya utumbo mpana, na hicho ndicho kilichonifunza kazi upya wakati nilidhani nimeshaijua. Unampa mtu chupa ndogo yenye kijiti ndani ya kifuniko. Nyumbani anachoma kinyesi chake mara chache kwa kile kijiti, anafunga, analeta. Sisi tunadondosha matone kwenye kibao na kungoja. Mstari mmoja, hakuna damu iliyojificha. Mistari miwili, ipo. Damu si lazima iwe saratani, inaweza kuwa bawasiri au kidonda, lakini mwenye mistari miwili lazima apelekwe hospitali kubwa akaingizwe kamera.

Maelezo yaliyokuja na vipimo yaliandikwa na mtu asiyewahi kuingia choo chetu. Yalichora choo cha kukalia, na karatasi pembeni. Choo cha nyumba ya wapangaji wa Likoni ni cha kuchutama, kina kopo la maji, na nje kuna mtu anayegonga mlango akiuliza kama umelala. Kwa hiyo maelezo niliyatunga upya. Tandika gazeti kwanza. Kijiti kabla ya kopo, maana maji yakishapita umeharibu. Anayegonga, mwache agonge. Nikawaambia na wake zao kwamba sahani hazitatumika, na hapo ndipo wengi wao walipoanza kuniunga mkono.

Kikwazo chenyewe kilikuja mahali nisipokitazamia. Nilikuwa nje ya duka la ushonaji la Mzee Abdalla, upande wa Shika Adabu, na wazee kama kumi wamekaa, wengi wao watu wa msikiti mmoja. Mzee Abdalla alikuwa fundi wa kanzu, mwembamba, mwenye wasiwasi wa kila kitu kuanzia mvua mpaka uzi. Kando yake alikaa rafiki yake Mzee Mohamed, aliyekuwa mpishi wa hoteli Shanzu mpaka alipostaafu, mtu wa tumbo na kicheko. Nikaeleza yote, wakaafiki. Nikasema, "Mwisho kabisa, andika jina lako kwenye chupa."

"Hilo haliwi, Sista," akasema Mzee Abdalla kwa upole. "Mimi naitwa Abdalla. Jina la Mola limo ndani yake. Nilibandike juu ya najisi?"

"Na mimi langu ni la Mtume," akasema Mzee Mohamed. "Wallahi, hata mkono utakataa kuandika."

Nilitazama orodha yangu. Abdalla, Mohamed, Abdulrahman, Mohamed, Abdulkarim. Mimi ni Mkristo wa Kaloleni; sikuwa na mdomo wa kuwafunza wazee wa Kiislamu habari za najisi. Na kusema kweli niliwaheshimu kwa hilo. Jumapili iliyofuata nilisimulia kisa hicho kanisani, na Mzee Emanueli, aliyekuwa ameshakubali, akanirudishia chupa yake akiniuliza kama najua maana ya jina lake.

Aliyetuokoa, kwa fikira yetu ya wakati ule, ni Mzee Abdalla mwenyewe. Alishona vifuko vidogo vya mabaki ya kitambaa cha kanzu, kila kimoja na kamba ya rangi yake. Kifuko kingekaa na chupa nyumbani, na mtu akipita msikitini angekitundika nje kwenye msumari, asiingie kusali na najisi mfukoni. Kijani kikawa cha Abdalla, buluu cha Mohamed, na rangi zote nikaziandika daftarini. Chupa zenyewe zikabaki wazi, bila alama yoyote. Mzee Kazungu alikuwa ameshafariki wakati huo, na mimi nilikuwa na miaka mingi kazini. Niliona mpango huo ni mzuri, nikausifu mbele ya watu.

Vifuko vilianza kurudi kimoja kimoja, na mambo yakaenda sawa. Kisha Ijumaa moja, baada ya swala, wakaja Mzee Abdalla na Mzee Mohamed pamoja. Niliwaketisha kwenye benchi nje, nikaingia na vifuko viwili. Nikazitoa chupa, nikaziweka kwenye sinia, na vifuko nikaviweka kando. Hapo hapo nikasikia kelele langoni. Kulikuwa na mama ndani ya tuktuk, na mtoto ameshatoa kichwa.

Nilimpokea mtoto yule ndani ya tuktuk, mzima, wa kike. Niliporudi, nikanawa, nikavaa glavu mpya, nikakuta chupa mbili kwenye sinia na vifuko viwili mezani. Ya kushoto ni ya Abdalla, nikasema moyoni. Sikusita. Ningesita ningewaambia walete upya. Nilikuwa na hakika kabisa, na hakika ile ninaikumbuka hata sasa. Kibao cha Abdalla kilitoa mistari miwili. Cha Mohamed kilitoa mmoja.

Nilimwita kila mtu peke yake. Mzee Mohamed alipandisha mikono kumshukuru Mungu, akaniahidi pilau, na pilau ikaja: alipika sufuria kubwa, akalisha mtaa mzima kwa shukrani, na sahani yangu ikaletwa zahanati. Nilikula nikasifu. Mzee Abdalla aliniuliza tu kama ni lazima mkewe ajue, kisha akaondoka akikanyaga polepole.

Nafasi ya kamera ilichukua wiki sita kupatikana. Katika wiki hizo nilipita dukani kwake mara kwa mara. Aliacha kupokea vitambaa vipya. Alishona vilivyokuwapo, akavikunja, akaviandikia majina ya wenyewe na kuvipanga, ili mtu akija asikose chake. Mashavu yalimwingia ndani. Mzee Mohamed alikuwa akija kila asubuhi kukaa naye, akimtania, akimlazimisha kula. "Yakhe, kula! Hata hujaambiwa lolote, ushajizika!" Akinisindikiza kutoka dukani, alikuwa akiniambia kwa sauti ya chini kwamba lau angaliweza angalimgawia rafiki yake ile afya yake.

Siku ya kamera ikafika, na jibu likarudi: utumbo wa Mzee Abdalla ulikuwa safi, tangu mwanzo hadi mwisho. Hakuna uvimbe, hakuna kidonda, hata bawasiri hana. Daktari aliandika kwamba hutokea. Kipimo cha nyumbani huweza kuona damu na kamera isione kitu. Ni kweli, hutokea. Nilisoma barua ile nimekaa kwenye dawati, nikaanza kutabasamu, na tabasamu halikumalizika. Nilikumbuka tuktuk.

Nataka mnielewe vizuri hapa, maana hapa ndipo penye kazi. Hakuna mtu aliyeniuliza. Hakuna aliyejua kwamba niliiacha meza ile. Barua ya daktari ilikuwa imeshanipa maelezo, tena ya kitaalamu. Nilimwendea kiongozi wangu wa zahanati, kijana mwenye akili na moyo mzuri, nikamweleza. Akafikiri, akasema, "Lakini Sista, hata wewe hujui kama ulizichanganya. Kwa nini umtie hofu mzee wa watu?"

"Kwa sababu sijui," nikamwambia. "Kama ningejua nisingekuwa na haja ya kwenda."

Nilianza kwa Mzee Abdalla, maana yeye ndiye niliyekuwa nimeshamwumiza. Nilimkuta amerudi kwenye cherehani, ana rangi usoni. Nikamwamkia, nikamweleza kisa chote nikiwa nimesimama, sikutaka kukaa. Aliendelea kutia uzi kwenye sindano mpaka nikamaliza.

"Wiki sita, Sista," akasema.

"Ndiyo, mzee. Nisamehe."

"Nimeandika wasia. Nimemwambia mke wangu cherehani wampe nani." Akaiweka sindano chini. Niliona amekasirika, na ilikuwa haki yake, nikangoja anifukuze. Halafu uso wake ukabadilika, akanitazama kana kwamba ndiyo kwanza amesikia nusu ya pili ya maneno yangu. "Basi ile ni ya Mohamed?"

"Sijui. Huenda."

Akasimama, akavaa viatu. "Twende," akasema. "Peke yako hatakusikiza."

Alijua rafiki yake. Mzee Mohamed alitupokea kwa bashasha, mkewe Bi Zuhura akatuletea chai ya tangawizi, nami nikaanza. Nilipofika katikati alicheka. Nilipofika mwisho hakuwa akicheka.

"Sikiza, Sista," akasema. "Mimi n'nakula, n'nalala, n'natembea. Mola kanipa neema, nimeshamshukuru mbele ya watu. Leo waja kunipokonya?"

"Sikupokonyi, mzee. Nakuomba chupa moja tu."

"Sitoi." Akamgeukia Bi Zuhura. "Sitoi! Mwambie anywe chai yake ende zake. Kwanza mwenyewe asema hajui!"

Nilikuwa na maneno mengi tayari, yale tunayofundishwa semina: faida za kugundua mapema, na kadhalika. Mzee Abdalla aliniashiria ninyamaze. Akakiweka kikombe chini, akasema, "Mohamed. Wiki sita n'meibeba hofu ile. N'meamka nayo, n'mesali nayo. Wewe ukija kila asubuhi kunitania nile. Ikiwa ilikuwa yako, basi mimi n'mekuchukulia, na sikudai. Hiyo kamera n'meshaijua. Dawa yake ya kuharisha ni chungu, na utakaa chooni kutwa, na baada ya hapo hakuna kitu. Ntakwenda nawe. Lakini wallahi ukikataa, utakuwa umeniumiza mimi bure."

Bi Zuhura ndiye aliyesema, "Leta hiyo chupa, Sista."

Safari hii nilikwenda kwa maalim wao kwanza, jambo ambalo ningefanya tangu awali lau nisingejiona mjuzi. Maalim alinisikiliza, akaniuliza, "Kwani kitambulisho chenu cha serikali hakina nambari?" Kitu chepesi namna hiyo! Nambari haina jina la Mungu wala la Mtume. Tangu siku ile kila chupa iliandikwa nambari ya kitambulisho, ubavuni, kwa kalamu isiyofutika, na mwenyewe akiisoma mbele yangu kabla hajaondoka. Vijana, nanyi fanyeni hivyo hivyo. Wazee wote wenye vifuko niliwarudia pia, mlango kwa mlango, nikawapima upya, na maneno niliyoambiwa kwenye milango hiyo sitayaandika.

Chupa ya Mzee Mohamed ilitoa mistari miwili. Nilikaa mbele ya kibao kile tangu tone la kwanza mpaka mwisho, na nadhani hata tuktuk tatu zingekuja nisingeinuka. Kamera ilikuta uvimbe. Wakamfanyia upasuaji, wakakata kipande cha utumbo na kuunga, na daktari akasema ugonjwa haujatoka nje ya mahali pake. Mzee Abdalla alikaa kwenye benchi la hospitali siku zote hizo na mfuko wa kitambaa magotini, akishona kanzu kwa mkono. Nilitaka kumwambia tena anisamehe, lakini kila nilipofungua mdomo alinipa nimshikie uzi.

Leo Mzee Mohamed anatembea, anakula kidogo kidogo, na anahudhuria kliniki yake bila kukosa. Na vipimo vinaendelea. Wanaume wa upande ule sasa huja na chupa mchana, kichwa juu, wakitajiana nambari. Nimeiacha kazi ile ikiwa mahali pazuri, na nalisema bila haya, maana nimeshasema na ya haya.

Limebaki moja. Wiki chache baada ya upasuaji nilikwenda kumtazama nyumbani. Bi Zuhura alikuwa jikoni. Mzee Mohamed alikuwa ameegemea mito, amepungua nusu ya tumbo lake, ananitazama kwa macho ya mpishi anayeonja mchuzi.

"Sista, nikuulize," akasema. "Lau wale madaktari wangalimkuta Abdalla na kitu, kijipu tu, chochote. Ungalikuja kwangu?"

Nilitaka kumjibu vizuri.

"Hapana, mzee," nikamwambia. "Ningesema kipimo kimesema kweli. Hata nisingekumbuka kuwa niliondoka pale mezani."

Akatikisa kichwa taratibu, akasikiliza vyombo vikigongana jikoni.

"Basi usimwambie Zuhura," akasema. "Yeye akuombea dua kila swala. Adhani ulikuja kwa sababu u mtu mwema."

Sikumwambia. Bado ananiombea hadi leo, na kila tukikutana sokoni hunishika mikono yote miwili. Akiyasoma haya, atajua.